Nagana: ugonjwa wa ng'ombe unaomfikia hata mkazi wa Jericho

Mbung'o si mdudu wa mjini. Mtu aliyezaliwa Jericho, akacheza mpira Camp Toyoyo na kuzeeka papo hapo, anaweza kumaliza maisha yake bila kumwona hata mmoja. Lakini ugonjwa anaoueneza mdudu huyo humfikia: katika nyama anayonunua Burma, katika pesa anazotuma nyumbani kwa simu ng'ombe anapougua, na katika ng'ombe wachache wanaofugwa Eastlands. Ugonjwa huo ni nagana.

Chanzo chake ni vimelea viitwavyo tripanosoma, vidogo visivyoonekana kwa macho, vinavyoogelea katika damu. Mbung'o huvipata anapofyonza damu ya ng'ombe mgonjwa, au ya mnyama wa porini kama nyati na ngiri, ambao huishi navyo bila kudhoofika sana. Vimelea hukomaa ndani ya mdudu, kisha huingia kwa ng'ombe mwingine anapoumwa. Kwa mbu ni jike tu anayefyonza damu. Kwa mbung'o, dume na jike wote huuma.

Wengi huchanganya nagana na ndigana kwa sababu majina yanakaribiana. Ndigana kali huletwa na kupe, na dawa yake ni nyingine kabisa. Anayepiga simu nyumbani na kusikia "ng'ombe ana ndigana" aulize vizuri kabla ya kutuma pesa ya dawa.

Mara nyingi nagana haiui kwa siku moja. Homa huja na kuondoka. Manyoya husimama, tezi zilizo mbele ya bega huvimba, maziwa hupungua, na ng'ombe mwenye mimba huweza kuitoa. Dalili iliyo rahisi kukagua ni upungufu wa damu: fizi na upande wa ndani wa kope hupauka badala ya kuwa na wekundu wake. Ng'ombe hukonda ingawa malisho yapo, na ndiyo maana lawama nyingi huishia kwa ukame au kwa mchungaji. Asipotibiwa, anaweza kufa baada ya wiki au miezi.

Ipo dawa ya kutibu, diminazini, na ipo isometamidiumu ambayo pia hukinga kwa miezi 2 hadi 4. Zote mbili zimetumika Afrika kwa zaidi ya miaka 50, na sehemu nyingine vimelea vimeshazizoea. Usugu huo huchochewa na tabia inayojulikana sana: pakiti moja ya unga kukorogwa kwa maji mengi ili itoshe ng'ombe watatu au wanne. Dozi hupimwa kwa uzito wa mnyama. Anayepewa robo ya dozi huonekana kupata nafuu, lakini vimelea vilivyobaki ni vile vilivyoishinda dawa. Kipimo chenyewe si kigumu: damu kidogo huzungushwa kwa mashine na kutazamwa kwa hadubini, na gharama yake ni ndogo kuliko ya sindano tatu za kubahatisha. Pesa ikitumwa, sehemu ya kwanza na iende kwa daktari wa mifugo kabla ya duka la agroveti.

Chanjo haipo. Si kwamba haikutafutwa. Mwaka 1973 kituo cha kimataifa cha utafiti kilianzishwa Kabete, hapa Nairobi, nagana ikiwa moja ya sababu kuu za kuwepo kwake. Tatizo ni kwamba tripanosoma amevaa koti la protini juu ya mwili wake, na kila mwili wa ng'ombe unapojifunza kulitambua koti hilo, baadhi ya vimelea huwa vimeshavaa jingine. Kinga hubaki ikimfukuza aliyekwisha badili nguo.

Kwa hiyo vita vimeelekezwa kwa mdudu. Mbung'o ana udhaifu mmoja mkubwa: hatagi mayai. Jike huzaa lava mmoja tu kila baada ya siku 9 au 10, naye hujichimbia udongoni. Mdudu anayezaa polepole hivyo hupungua haraka akitegwa. Huko Nguruman, kaunti ya Kajiado, katika miaka ya 1980 watafiti wa icipe, kituo chenye makao yake Kasarani, walitengeneza pamoja na wafugaji mtego wa kitambaa cha buluu na cheusi. Rangi hizo humvuta mbung'o, na kando yake huwekwa mkojo wa ng'ombe, ambao humvuta zaidi. Kituo hicho pia kilitengeneza kola inayotoa harufu ya kuro, mnyama ambaye mbung'o humkwepa, ikajaribiwa kwa ng'ombe wa Kwale. Unguja walikwenda mbali zaidi: madume waliohasiwa kwa mionzi walimwagwa kutoka angani, na mbung'o wa mwisho alinaswa mwaka 1996. Lakini Unguja ni kisiwa. Bara, mtego ukiondolewa, mbung'o hurudi kutoka mbugani.

Je, ng'ombe wa Eastlands wako salama? Si kabisa. Aina moja ya vimelea, vivax, haihitaji mbung'o kusafiri. Nzi wa zizini na chafuo wanaweza kuibeba mdomoni kutoka ng'ombe mmoja hadi wa jirani yake. Nzi wa zizini hufanana na nzi wa nyumbani lakini huuma, hasa miguuni, na huzaliana katika samadi mbichi iliyochanganyika na majani. Ng'ombe aliyenunuliwa Pwani au Kajiado atengwe kwanza na apimwe damu, awe amekuja na kibali cha kusafirisha mifugo, na samadi iondolewe kabla haijarundikana.

Tukija kwa nyama. Aina zinazoangusha ng'ombe wengi zaidi, congolense na vivax, haziambukizi binadamu. Ipo ndugu yao iletayo malale, na ng'ombe anaweza kuibeba, lakini mtu huipata kwa kuumwa na mbung'o. Hapatikani mgonjwa wa malale kwa kula nyama iliyopikwa. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa nchini miongoni mwa wakazi aliripotiwa mwaka 2009, na Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilitambua kuwa Kenya imeitokomeza malale kama tatizo la afya ya umma.

Hatari iliyo karibu na meza ya Jericho ni nyingine. Ng'ombe anayekaribia kufa huuzwa haraka na kwa bei ya kutupa, mara nyingi akiwa amedungwa dawa siku chache zilizopita. Kila dawa ina idadi ya siku ambazo nyama na maziwa havifai kutumiwa, na idadi hiyo imeandikwa kwenye pakiti. Kichinjioni, mkaguzi anaweza kuizuia nyama ya mnyama aliyekondeana au mgonjwa. Nyama iliyochinjwa uani usiku haina wa kuizuia. Mnunuzi aombe kuona muhuri wa mkaguzi, hata kama bucha ni la siku zote. Usipokuwepo, ataarifiwe afisa wa afya ya umma au wa mifugo wa kaunti ndogo siku hiyo hiyo, kabla nyama haijaisha.