Shujaa wa wimbo wa Kijerumani naye alikuwa amerudi kwao

Wajerumani wana wimbo wa kuchekesha juu ya vita vya mwaka wa 9 baada ya Kristo. Uliandikwa na mshairi Joseph Victor von Scheffel katika miaka ya 1840, wanafunzi wa vyuo wakauimba, hatimaye ukawa wimbo wa kila mtu. Unasimulia jinsi Warumi walivyofanya ufidhuli na kuingia nchi ya watu, mpaka jemadari wao Varus akanasa matopeni na kupoteza viatu viwili na soksi moja.

Vita vyenyewe havikuwa vya kuchekesha. Katika msitu wa Teutoburg majeshi matatu ya Kirumi, watu wasiopungua 15,000, yaliangamizwa kwa siku chache. Varus alijiua kwa upanga wake.

Aliyewatega ni Arminius, ambaye Wajerumani humwita Hermann. Hapa sisi tuliosomea ukimbizini tutege sikio. Mtu huyu wa kabila la Wacherusci alikuwa ametumikia jeshi la Roma, akajua Kilatini, akapewa uraia na cheo. Kisha akarudi kwao. Aliyojifunza kwa wageni ndiyo yaliyompa ushindi.

Lakini nyumba yake iligawanyika. Ndugu yake Flavus alibaki upande wa Roma. Mwanahistoria Tacitus anaeleza kwamba mwaka wa 16 ndugu hao walisimama ng'ambo mbili za mto Weser, wakatupiana maneno hadi wakataka kupigana. Mkewe Thusnelda, akiwa mjamzito, alikabidhiwa kwa Warumi na baba yake mzazi. Mwaka wa 21 Arminius mwenyewe aliuawa na jamaa zake, waliodai anautaka ufalme.

Hayo yote wimbo umeyaacha. Ujerumani ilipoungana mwaka 1871 ilihitaji shujaa asiye na doa, na mwaka 1875 sanamu yake ikazinduliwa karibu na Detmold. Pamoja na jengo linaloibeba na upanga ulioinuliwa, inapita mita 50. Dola hiyo hiyo ndiyo iliyokuja baadaye kututawala Burundi, Rwanda na Tanganyika.

Kwa nini nayaandika haya? Kwa sababu darasani kwangu, hapa kusini mwa Burundi, mtoto aliyezaliwa kambini bado huitwa "Mtanzania" na wenzake. Mfanyabiashara anayevuka kwenda Manyovu anajua: huku wanamshuku, na kule wanamshuku. Arminius aliwashinda Warumi, lakini hakuishinda shuku ya nyumbani.

Walimu na wazazi wenzangu, watoto waimbe nyimbo za ushindi, si vibaya. Ila tukimaliza kuimba tuwasimulie pia yaliyompata shujaa baada ya vita, alipokuwa miongoni mwa watu wake. Hilo ndilo somo tunalolihitaji zaidi sisi tuliorudi, na wale waliotupokea pia.