Mika ya Kijani na Vumbi Linalokaa Kifuani

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya kofia, viatu na nguzo za shimo. Leo tuzungumze juu ya jiwe lenyewe. Mtu anayevunja mawe bila kuyajua ni kama mvuvi wa Vitshumbi asiyelijua ziwa: siku moja litamshinda.

Mmekwisha kuona kwamba mchanga wa mito yetu, kuanzia Butembo mpaka Beni na chini ya milima ya Rwenzori, humeta jua likiupiga. Mtoto huokota kipande akakimbia nyumbani akisema, «Baba, dhahabu!» Baba hucheka. Anajua kwamba ni mika, ambayo vitabu vya Kiswahili huiita ulanga. Lakini je, baba anajua mika hutoka wapi, na kwa nini vumbi la mawe yake linaweza kumuua?

MIKA NI NINI?

Mika si jiwe moja, ni ukoo wa madini. Alama ya ukoo huo ni kwamba hubanduka karatasi kwa karatasi, kama kurasa za kitabu. Ndani yake mna silika, alumini, potasi na mara nyingi chuma. Kurasa zenyewe ni imara, lakini potasi inayozishikanisha inashika kidogo tu. Ndiyo sababu ukucha unaweza kuzibandua.

Iko mika nyeupe, inayopitisha mwanga kama kioo. Iko mika nyeusi yenye chuma kingi. Na iko mika ya kijani. Jina lake ni glaukoniti, na kuzaliwa kwake ni habari ya ajabu.

JIWE LINALOZALIWA BAHARINI

Mika nyingi huzaliwa chini sana ardhini, penye joto kali. Glaukoniti haihitaji moto. Inazaliwa chini ya bahari, katika maji ya baridi, hasa pale ambapo kina ni kati ya mita 50 na mita 500. Tena haizaliwi popote. Inataka mahali ambapo mito haimwagi matope mengi, ili sakafu ya bahari ikae wazi kwa muda mrefu bila kufunikwa.

Mahali kama hapo wadudu wadogo wa baharini huishi, hula na huacha kinyesi chao, punje ndogo kama mtama au ndogo zaidi. Wengine hufa na kuacha maganda matupu. Ndani ya punje hizo na maganda hayo hewa ni haba. Chuma kilichomo hubadilika, udongo mwepesi wa kijani huanza kuota, kisha potasi ya maji ya bahari huingia polepole na kukaa kati ya kurasa zake. Kadiri potasi inavyoongezeka, ndivyo punje inavyokuwa ngumu zaidi na rangi yake ya kijani kukolea. Mwanzoni potasi ni kama sehemu 3 katika 100. Mwishoni hupita 8. Kazi hiyo huchukua maelfu ya miaka, na punje iliyokomaa kabisa huweza kuchukua karibu miaka milioni 1.

Watafiti wamezikuta punje hizi kwenye sakafu ya bahari mbele ya pwani ya Kongo na Gabon. Huko Marekani, katika jimbo la New Jersey, wakulima walichimba mchanga wa kijani tangu zamani wakaumwaga mashambani kwa ajili ya potasi yake. Tena mchanga huo, ukiisha kutayarishwa, hutumika kuchuja maji ili kuondoa chuma kinachoyapa ladha mbaya. Na kwa kuwa potasi ya namna moja hugeuka polepole kuwa gesi ya argoni, wanasayansi huipima gesi hiyo katika punje na kujua tabaka la bahari lina umri gani.

MBONA HATUIONI HUKU KWETU?

Mtu atauliza: «Tunalo ziwa Edward. Je, si maji?» Ni maji, lakini si bahari. Chumvi na potasi yake si za bahari, na mito huliletea matope kila masika. Tena mawe ya milima yetu ni ya kale mno. Hata kama mengine yalianza kama matope ya bahari, yalizikwa, yakapikwa na kubanwa mpaka yakageuka mawe mengine kabisa. Udongo wa kijani hauvumilii joto kama hilo.

Kwa hiyo ukiona jiwe la kijani katika shimo lenu, usidhani mara moja kuwa ni glaukoniti, wala usidhani kuwa ni shaba au zumaridi. Huenda ni kloriti, ndugu wa karibu wa mika. Kuna jaribio rahisi: bandua ukurasa mwembamba, ukunje kidogo kwa vidole, kisha uuachie. Mika hurudi kama ilivyokuwa. Kloriti hubaki imekunjika. Na dhahabu je? Dhahabu ikigongwa hutandazika. Mika ikigongwa hupasuka na kuwa unga. Katika karai la kuoshea, dhahabu hubaki chini kwa sababu ni nzito mara 6 au 7 kuliko mika, nayo mika huchukuliwa na maji.

Mika tunayokutana nayo Kivu, hasa ile nyeupe, ilizaliwa pamoja na mishipa ya mawe iliyopanda kutoka chini ikiwa ya moto, karibu miaka bilioni 1 iliyopita. Mishipa hiyo ndiyo iliyoleta kasiteriti na koltani. Sasa, ndugu, tufike kwenye jambo la leo.

MIKA HAITEMBEI PEKE YAKE

Mchanga wa kijani wa baharini hauna glaukoniti tu. Mara nyingi umechanganyika na mchanga mweupe wa kwatzi. Mishipa yetu ni hivyo hivyo: penye mika pana kwatzi, lile jiwe jeupe gumu ambalo wachimba dhahabu hulifuata shimoni. Mika humeta na kuvuta macho. Kwatzi hunyamaza. Lakini kwatzi ndilo linaloua.

Unapotoboa au kutwanga mwamba mkavu, vumbi la namna mbili hutoka. La kwanza unaliona. Linaingia puani, unapiga chafya, linaanguka chini. La pili hulioni. Igawe milimita 1 mara 100: punje za vumbi hilo ni ndogo kuliko kipande kimojawapo. Pua haiwezi kuzizuia. Zinashuka mpaka mwisho wa mapafu, mahali pale ambapo hewa huingia katika damu, na hazitoki tena. Mwili hupigana nazo, na mapigano hayo huacha makovu. Mwaka hadi mwaka makovu huongezeka, na pafu lililokuwa laini kama sifongo huwa gumu. Ugonjwa huo unaitwa silikosi.

Vumbi la mika nalo, likivutwa miaka mingi, huharibu mapafu. Lakini la kwatzi ni kali zaidi. Tangu mwaka 1997 shirika la kimataifa la uchunguzi wa saratani limeliweka katika orodha ya vitu vinavyoleta saratani kwa binadamu.

Sikilizeni habari hii. Mwaka 1930 na 1931, huko West Virginia, Marekani, wafanyakazi walichimba njia ya maji ndani ya mlima kwenye mwamba wenye silika nyingi sana. Walitoboa kavu, bila maji. Mamia walikufa, wengi wao katika muda mfupi. Kwa kawaida silikosi huchukua miaka 10 au zaidi kabla ya kuonekana. Vumbi likiwa zito mno, haingoji.

Dawa ya kuiponya haipo. Tena mwenye silikosi hushikwa kwa urahisi na kifua kikuu, na kifua kikuu hakibaki kwa baba peke yake. Kinaweza kuingia kwa mama na watoto walalao nyumba moja naye.

FANYENI HIVI

Kwanza, maji. Lowesha jiwe kabla ya kulivunja, na mashine ya kutoboa ipitishiwe maji. Vumbi lililolowa halipandi.

Pili, baada ya kulipua baruti, ngojeni. Hewa ibadilike kwanza, ndipo muingie.

Tatu, msifagie kavu, wala msipige nguo kutoa vumbi. Tumieni maji na kitambaa kilicholowa.

Nne, leso ya mdomoni haizuii vumbi lile lisiloonekana. Ombeni kwa kapita barakoa ya kweli ya vumbi, iliyobana usoni vizuri, nayo ibadilishwe ikichakaa. Hata hivyo barakoa haichukui nafasi ya maji.

Tano, acheni sigara. Pafu lenye mzigo mmoja msilibebeshe wa pili.

Sita, mtu anayekohoa zaidi ya wiki 2, anayetoka jasho usiku au anayekonda, aende kituo cha afya akapimwe kohozi. Amwambie daktari waziwazi: «Mimi nafanya kazi ya mawe.» Neno hilo moja litamwonyesha daktari pa kutafuta.

NA WEWE, MAMA

Katika Kivu akina mama wengi hutwanga mawe ya dhahabu kwa kinu na mchi. Huko Kamituga, Kivu ya Kusini, kazi hiyo inajulikana sana. Mama anayetwanga kavu huku mtoto yuko mgongoni, wanavuta vumbi wote wawili. Mtoto abaki mbali na kinu, mama akae upande upepo unakotoka, na jiwe lilowe maji.

Baba akirudi, asimbebe mtoto kabla ya kubadili nguo na kunawa. Nguo za kazi zilowekwe kwanza ndipo zifuliwe, tena peke yake, si pamoja na nguo za watoto.

Glaukoniti hujengwa punje kwa punje chini ya bahari, bila mtu kuona. Silikosi nayo hujengwa hivyo hivyo kifuani. Tofauti ni kwamba hii ya pili tunaweza kuizuia, na ndoo ya maji ndiyo mwanzo.

KINGA NI BORA KULIKO DAWA. LOWESHA JIWE, UOKOE PAFU!