Jipu: Vita vikali chini ya ngozi yako

JE, umewahi kujiuliza ni kwa nini jipu huvimba, likawa na joto na kukunyima usingizi usiku kucha? Wengi wetu tukiona usaha husema damu imechafuka. Wengine hukimbilia duka la dawa, wakanunua mafuta ya kupaka na kuridhika uvimbe unapopungua.

Ukweli ni kwamba uvimbe ule ni kazi ya mwili unaojitetea. Chini ya ngozi yako vita vinapiganwa, na askari wanaovipigana ni chembechembe nyeupe za damu. Jambo la kushangaza ni jinsi askari hao wanavyojua mahali pa kwenda. Chembechembe hizi hazina macho wala masikio, na damu huzunguka mwili mzima. Zinafikaje kwenye kijitundu kimoja cha unywele shingoni?

Mbiu ya mgambo

Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Mwili nao una mbiu yake, ila hii haisikiki. Ni ya kemikali.

Bakteria wanaosababisha majipu mengi huitwa stafilokoki. Watu wengi huishi nao kwenye ngozi na puani bila kudhurika. Taabu huanza wanapopata mlango wa kuingilia: mwiba, mkwaruzo, wembe wa kunyolea, au kucha za mtu anayejikuna.

Wakishaingia, seli za ngozi pamoja na walinzi wanaoishi humo, waitwao makrofaji, huwatambua kuwa si wa nyumbani. Papo hapo hutoa kemikali ziitwazo sitokini. Seli nyingine, za masti, hutoa histamini. Kemikali hizi hupanua mishipa midogo ya damu na kuilegeza. Damu nyingi hufika mahali hapo, na ndiyo sababu unahisi joto. Maji ya damu hupenya nje ya mishipa, na ndiyo sababu unavimba. Neva nazo huchokozwa, ukahisi maumivu.

Mwandishi Mrumi aliyeitwa Celsus aliziorodhesha dalili hizi takriban miaka 2,000 iliyopita: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Lakini tahadhari, msomaji. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huenda usionekane. Mahali hapo huweza kuwa peusi zaidi au pa rangi ya zambarau. Mzazi, usingoje wekundu; gusa uone kama pana joto na kama mtoto anaumia.

Kufuata harufu

Miongoni mwa sitokini kuna kundi liitwalo kemokini, na kazi yake kuu ni kuita. Bila shaka umewahi kupita karibu na mahali panapochomwa nyama. Harufu huanza kwa mbali, na kila ukikaribia inazidi. Hata ukifumba macho utafika jikoni. Kemokini hufanya vivyo hivyo: huwa nyingi penye kidonda na chache kadiri unavyokwenda mbali. Chembechembe nyeupe hutoka palipo na chache kuelekea palipo na nyingi.

Mojawapo ya kemokini hizo, intalukini-8, ilitambuliwa na wanasayansi mwaka wa 1987. Hiyo huwaita hasa nyutrofili, ambao ndio askari wa mwanzo kufika kwa wingi.

Hata hivyo, kuna shida moja. Nyutrofili anasafiri ndani ya damu inayokwenda kasi kama matatu iliyo barabara kuu. Atashukaje? Sitokini huuamuru ukuta wa mshipa utoe vishikizo viitwavyo selektini. Nyutrofili hunaswa navyo kidogo, akaanza kubingirika polepole ukutani. Hapo hukutana na kemokini zilizojipanga kwenye ukuta huo. Nazo humwamsha akatoa vishikizo vyake vyenye nguvu zaidi, integrini, akasimama kabisa. Kisha hujikunyata, akapenya katikati ya seli za ukuta na kuifuata harufu hadi kwenye bakteria.

Akifika huwameza na kuwaua kwa sumu yake, kisha naye hufa. Usaha unaouona ni mizoga ya askari hawa, bakteria, na mabaki ya nyama ya mwili iliyoharibika.

Mwiba wa Messina

Aliyetufungua macho kuhusu vita hivi ni Élie Metchnikoff, mzaliwa wa eneo ambalo leo ni Ukraine. Mwaka wa 1882, akiwa mjini Messina nchini Italia, aliwadunga miiba watoto wa kiti cha pweza, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota. Viumbe hao wachanga mwili wao hupenyeka mwanga. Baadaye aliona seli zimekusanyika na kuuzingira mwiba. Mwaka wa 1908 alitunukiwa Tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich wa Ujerumani.

Ukitaka kujua thamani ya wito huu, watazame watoto wachache wanaozaliwa bila integrini kamili. Askari wao wamejaa tele kwenye damu lakini hawawezi kushuka. Watoto hao hupata vidonda vibaya visivyotoa usaha, na bila matibabu wengi huaga dunia wakiwa wadogo.

Mbiu isiyonyamaza

Kwa upande mwingine, kuna watu ambao mbiu yao hulia bila adui. Katika ugonjwa wa soriasisi, sitokini kama intalukini-17 huendelea kuita askari kwenye ngozi isiyo na bakteria wa kupigwa vita, nayo hufanya magamba na mabaka. Ugonjwa huu hauambukizi, kwa hivyo usimtenge jirani yako. Mwaka wa 2015 Marekani iliidhinisha matumizi ya secukinumab, dawa inayoizima intalukini-17, kwa wagonjwa wa soriasisi.

Hapa ndipo penye hatari ya yale mafuta ya dukani. Mengi yana steroidi, dawa ambayo huzima sitokini. Daktari akimwandikia mgonjwa wa pumu ya ngozi, humsaidia sana. Lakini ukiyapaka kwenye choa, mwasho utapungua huku ukungu ukienea, kwa sababu umewanyamazisha walinzi. Yakitumiwa kwa muda mrefu, ngozi huwa nyembamba na kufanya michirizi. Wanaotumia krimu za kujichubua wajihadhari pia, kwani baadhi huwa na steroidi hata kama haikuandikwa kwenye pakiti.

Ufanye nini?

Jipu dogo likande kwa kitambaa safi kilichochovywa kwenye maji ya moto kiasi, mara kadhaa kwa siku. Usilikamue wala kulitoboa kwa sindano, hasa likiwa puani au juu ya mdomo, kwani bakteria wanaweza kusukumwa ndani zaidi. Nawa mikono, na usitumie taulo au wembe wa mwenzako.

Nenda hospitali upesi ukiwa na homa, uvimbe ukienea, mstari ukianza kupanda kutoka kwenye kidonda, au jipu likiwa machoni. Wenye kisukari wasikawie hata kidogo, maana sukari ikizidi askari hawa hulegea.

Na kabla ya kununua tyubu yoyote, muulize mwenye duka swali moja: ina steroidi? Akisema ndiyo, au akisitasita, rudisha pesa zako mfukoni hadi daktari aione hiyo ngozi.