Sauti Inayopima Ndani ya Mwili Bila Kisu



Hebu tuanze na jambo tunalolijua sote. Ukitaka kujua kama pipa la maji limejaa, si lazima ulifungue. Unaligonga tu. Likiwa tupu linalia hivi, likijaa linalia vingine. Sauti imekuambia kilichomo. Mashine ya altrasaundi, ambayo akina mama wengi wameiona wakiwa wajawazito, hufanya kazi iliyo karibu na hiyo.

Sikio letu husikia sauti inayotikisika hadi kama mara 20,000 kwa sekunde. Sauti ya kupima tumbo hutikisika mara milioni kadhaa, ndiyo maana hatuisikii. Ikiingia mwilini, kila inapotoka kwenye nyama na kukuta maji au mfupa, sehemu yake hurudi kama mwangwi wa mlimani. Mashine hupokea mwangwi huo na kuchora picha. Maji huonekana meusi, nyama kijivu, mfupa mweupe. Hakuna kukatwa, wala hakuna mionzi kama ya eksirei.

Mashine hii iliwafaa sana wafugaji wenzetu wa Turkana. Huko ugonjwa wa haidatidi, yaani uvimbe wa maji, ulikuwa umeenea kuliko karibu kila mahali duniani. Mwaka 1983 shirika la AMREF lilianza mpango wa kuupiga vita, na madaktari wakabeba altrasaundi ndogo mpaka manyattani. Mwaka 1987 jarida la kitabibu la Lancet lilieleza kwamba mashine hiyo iliwatambua wagonjwa vizuri kuliko kupima damu.

Ugonjwa wenyewe huletwa na tegu mdogo sana anayeishi katika utumbo wa mbwa. Mayai yake hutoka na kinyesi. Mtu akiyameza, mfuko wa maji huota, mara nyingi kwenye ini au mapafu, na kukua polepole kwa miaka bila maumivu. Altrasaundi huonyesha pia hali ya mfuko huo. Wenye maji safi huwa bado u hai. Uliokauka na kuwa mgumu kama ganda mara nyingi umekufa, na daktari anaweza kuuangalia tu bila kupasua.

Wataalamu wameendelea mbele. Sauti ikitikisika haraka zaidi huona vitu vidogo zaidi, ila haifiki ndani sana. Mwaka 1974 Lemons na Quate wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walionyesha hadubini inayotumia sauti badala ya mwanga. Siku hizi zipo zinazotumia sauti ya kutikisika hata zaidi ya mara bilioni moja kwa sekunde, na hupima seli moja, ile chembe hai ndogo ambayo miili yetu imejengwa kwayo. Jinsi sauti inavyopita huonyesha kama seli ni laini au ngumu, bila kuiua wala kuitia rangi. Faida yake ni nini? Seli za saratani mara nyingi ni laini kuliko seli nzima. Lakini hiyo bado ni kazi ya maabara, msiende kuiulizia zahanati.

Haya basi, sisi wanavikundi tufanye nini?

1. Mkichinja, msiwatupie mbwa maini na mapafu mabichi yenye mifuko ya maji. Yachomeni au yafukieni kwa kina.

2. Tunawe mikono baada ya kushika mbwa na kabla ya kula. Watoto wafundishwe hivyo.

3. Tumwulize afisa wa mifugo dawa ya minyoo ya mbwa. Mbwa ni mlinzi wetu, hatusemi auawe.

4. Mtu akiona uvimbe tumboni, hasa upande wa kulia chini ya mbavu, aende hospitali apimwe kwa altrasaundi. Asikubali kudungwa wala kukandwa na asiye mtaalamu. Maji yale yakimwagika ndani yanaweza kuua au kueneza ugonjwa.

Nauli ni shida, tunajua. Kikundi kinaweza kutenga kidogo kutoka mchango wa kila mwezi kwa mgonjwa wa kwanza atakayehitaji. Uvimbe haungoji mvua inyeshe ndipo mbuzi wauzwe.