Doa Jeusi Chini ya Gari: Osha Injini Kabla ya Kushusha Gia Boksi

Gari la zamani kuvuja oili si ajabu. Gasketi na sili za mpira hukaushwa na joto la injini, zikakakamaa, mwisho zikapasuka. Kazi ipo kwenye kujua inavujia wapi, na hapo ndipo bumu la mtu huteketea. Fundi mwenye haraka anachungulia chini, anaona kumelowa katikati ya injini na gia boksi, anatamka: “Sili ya krenki ya nyuma hiyo, tushushe gia boksi.” Sili yenyewe bei poa tu. Kinachouma ni hela ya ufundi.

Kabla hujakubali, kumbuka kwamba oili huteremka, na gari likitembea upepo huisukuma nyuma. Tone linapodondokea siyo lazima ndipo linapotokea. Wewe tafuta sehemu ya juu kabisa iliyolowa.

Chukua Corolla 110 yenye injini ya 5A-FE. Distribyuta yake imekaa kwenye silinda hedi, upande wa gia boksi. Ringi yake ya mpira ikichoka, oili hutiririka taratibu hadi juu ya gia boksi, kisha hudondoka palepale ambapo ingedondoka ya sili ya krenki. Gasketi ya tapeti kava nayo huweza kudanganya hivyohivyo. Zote mbili hubadilishwa kwa juu, gia boksi haiguswi.

Sasa fanya hivi. Usiku tandaza boksi chini ya gari. Asubuhi ukikuta maji matupu, huenda ni ya AC. Mafuta mekundu mara nyingi ni ya gia boksi ya otomatiki au ya pawa stelingi. Oili ya injini huwa ya kahawia au nyeusi.

Injini ikiwa imepoa, funika distribyuta na altaneta kwa nailoni, halafu isugue kwa brashi na sabuni ya kukata grisi. Petroli usiiguse, inawaka kirahisi mno. Ikishakauka, paka poda kidogo sehemu unazozishuku, mbali na mikanda. Endesha kama dakika 15, zima, kisha mulika tochi kuanzia juu: tapeti kava, distribyuta, swichi ya presha ya oili, filta, mwisho sampu na boliti yake. Poda itakuwa imelowa pale oili inapoanzia.

Angalia pia vali ya PCV, inayopunguza presha ndani ya injini. Ikiziba, presha husukuma oili nje hata kwenye sili mpya, nawe utarudi gereji mwezi ujao.

Wakati unatafuta, pima oili kwa stiki mara kwa mara. Taa ya oili ikiwaka njiani, paki pembeni na uzime injini mara moja. Ukisikia harufu ya oili inayoungua, usipuuze: ikidondokea ekzosi yenye moto inaweza kuwaka.

Ukipata chanzo, piga picha uende nayo gereji, fundi aanzie hapo. Na kama juu kote ni kukavu, kumelowa tu pale injini inapoungana na gia boksi, basi fundi alikuwa sahihi. Shusheni.