Programu ya Ramani Ikigoma, Usikimbilie Kuifuta

Ndugu msikilizaji, juma lililopita nilitembelewa na jirani yangu, mwalimu mstaafu, mkononi ameshika kompyuta ya mpwa wake. Mwalimu anakaa bondeni, hapa Dar es Salaam, ambako masika yakianza maji huingia ndani bila kubisha hodi. Alitaka kuchora ramani ya mifereji ya mtaani kwake, ipi imeziba na nyumba zipi ziko njiani mwa maji, aipeleke kwenye kikao cha mtaa. "Bwana mwandishi," akaniambia, "bando limekwisha mara mbili na ramani sijaiona."

Programu iliyomhangaisha huitwa QGIS. Ilianzishwa mwaka 2002 na Gary Sherman, nayo ni programu huria. Maana yake yeyote ana ruksa ya kuitumia, kuigawa na hata kuirekebisha, bila kulipa senti. Wala shabaha ya Mwalimu si ndoto. Kuanzia mwaka 2015, wanafunzi na wakazi wa jiji hili walichora mitaa yao katika mradi wa Ramani Huria kwa sababu hiyo hiyo ya mafuriko. Lakini cha bure nacho hudai subira.

Tulianza na faili lenyewe. Siku hizi limezidi gigabaiti 1, na mtandao ukikatika katikati unabaki na faili pungufu ambalo haliwezi kujifungua. Kabla ya kulaumu kompyuta, linganisha ukubwa wa faili ulilopakua na ule ulioandikwa pale ulipolichukua. La Mwalimu la kwanza lilikuwa nusu.

La pili ni umri wa mashine. Tangu toleo la 3.20 la mwaka 2021, QGIS haitengenezwi tena kwa Windows ya biti 32. Fungua mipangilio ya Windows, sehemu inayoeleza habari za mfumo, usome kama ni 32 au 64. Ikiwa ni 32, tafuta toleo la 3.16, ambalo bado linakubali. Na hata kwenye mashine mpya, mtu wa nyumbani achukue toleo la kudumu, lile linalorekebishwa kwa muda mrefu, wala si lile jipya kabisa.

La tatu ni ugomvi wa majirani. QGIS inatumia maktaba iitwayo PROJ kukokotoa mahali vitu vilipo duniani. Mpwa wa Mwalimu alikwisha kuweka programu nyingine ya kuhifadhi takwimu, nayo iliacha katika Windows agizo liitwalo PROJ_LIB, linaloelekeza kwenye maktaba yake ya zamani. QGIS ikifuata agizo hilo, inalalamika kuhusu faili la proj.db. Dawa ni kuliondoa agizo hilo, lakini kwanza liandike kwenye karatasi, kwani huenda ile programu nyingine ikalihitaji.

Wengine hukuta programu inafunguka kisha inajifunga. Wanaifuta, wanairudisha, na ugonjwa unabaki pale pale. Sababu ni kwamba mipangilio yako huhifadhiwa kwenye folda ya pembeni ambayo haifutwi pamoja na programu. Badilisha jina la folda hiyo, usiitupe, kisha ufungue upya. QGIS itajitengenezea nyingine safi.

Saa mbili usiku programu ikafunguka. Mwalimu akaingiza vipimo alivyochukua kwa simu, na mtaa wake ukatokea Hispania, karibu na mpaka wa Ureno! Tulicheka, lakini kosa lilikuwa letu. Dar es Salaam iko nyuzi 39.2 mashariki na 6.8 kusini. Kompyuta hutaka mashariki kwanza, na kusini huandikwa kwa alama ya kutoa. Ukizigeuza unakwenda Hispania, na ukisahau alama ya kutoa unakwenda Ethiopia.

Kosa la namna hiyo linajionyesha lenyewe. La kuogopa ni lile dogo. Ramani nyingi za zamani za Afrika Mashariki zilipimwa kwa mfumo wa Arc 1960, ilhali simu hutumia WGS 84. Ukizilaza pamoja bila kuiambia programu ipi ni ipi, vitu vinaachana karibu mita 300. Mita 300, ndugu msikilizaji, ni mtaa mwingine. Mfereji utachimbwa kwa jirani, na maji yatakuja kwako.

Ndiyo maana nilimwomba Mwalimu, kabla ya kwenda kikaoni, atembee na ramani yake mkononi hadi kwenye daraja analolijua, ahakikishe kuwa na kwenye karatasi liko pale pale. Alikwenda asubuhi, na daraja lilikuwapo.

Hadi juma lijalo, kwaherini.