Hesabu ya Hofu

Kati ya mwaka 1909 na 1913 Ufaransa na Urusi kwa upande mmoja, na Ujerumani na Austria-Hungaria kwa upande wa pili, hazikuwa vitani. Mabalozi walialikana chakula, treni za bidhaa zilivuka mipaka, na wafalme waliandikiana barua za kindugu. Lakini jumlisha fedha ambazo nchi hizo 4 zilitumia kwa majeshi yao: pauni milioni 199 mwaka 1909, kisha 205, kisha 215, kisha 239, na mwaka 1913 zikafika 289. Sasa acha jumla, tazama nyongeza: milioni 6, 10, 24, 50. Kila mwaka nyongeza ilikaribia kuwa maradufu ya ile iliyotangulia. Mwaka uliofuata Ulaya iliwaka moto, na moto huo ukafika hadi Tanga na Rufiji.

Aliyezipanga tarakimu hizo akaona kanuni ndani yake ni Mwingereza Lewis Fry Richardson, mtaalamu wa hali ya hewa na muumini wa madhehebu ya Quaker, yaleyale yenye wafuasi wengi magharibi mwa Kenya. Imani yake ilimkataza kupigana. Haikumkataza kuokota majeruhi. Kuanzia 1916 hadi 1919 aliendesha gari la wagonjwa kwenye medani za Ufaransa, na alipopata nafasi ya kupumzika alikaa juu ya rundo la nyasi kavu, katika baridi, akikokotoa kwa mkono namna ya kutabiri hali ya hewa kwa milinganyo. Mswada wake ulipotea kwenye mapigano ya Champagne mwaka 1917, ukaja kupatikana miezi kadhaa baadaye chini ya rundo la makaa ya mawe nchini Ubelgiji. Utabiri wa kompyuta tunaousikia leo kila jioni baada ya taarifa ya habari umetokana na njia hiyo.

Akiwa katikati ya maiti na magari ya wagonjwa, alijiuliza swali la pili. Ikiwa hewa inayosukumana na hewa inaweza kuandikiwa hesabu, kwa nini mataifa yanayosukumana yasiandikiwe?

Jibu lake, alilolifanyia kazi hadi kifo chake mwaka 1953, lina mambo matatu. La kwanza ni hofu: nchi moja inaongeza silaha kwa kadiri inavyoona mwenzake anazo. La pili ni mzigo: kadiri silaha zinavyoongezeka, ndivyo kodi na malalamiko ya wananchi yanavyoivuta serikali irudi nyuma. La tatu ni kinyongo, yaani madai ya zamani, ardhi iliyoporwa, fedheha ambayo haijasahauliwa. Ufaransa, kwa mfano, haikusahau kunyang'anywa Alsace na Lorraine mwaka 1871.

Tuichukue hesabu hiyo kwa majirani wawili wa mtaa mmoja. Mmoja anatumia shilingi 100 kuweka vipande vya chupa juu ya ukuta wake. Wa pili anaona, anaingiwa na wasiwasi, naye anatumia 50. Wa kwanza anajibu kwa 25, wa pili kwa 12, na baada ya muda mambo yametulia, kila mtu analala. Lakini tuseme kila mmoja hujibu kwa mara moja na nusu ya alichofanya mwenzake. Hapo 100 inaleta 150, 150 inaleta 225, 225 inaleta 337. Hakuna aliyekusudia ubaya. Kila mmoja anaapa kwamba anajilinda tu, na anasema kweli. Hata hivyo nyumba zote mbili zitafilisika, au usiku mmoja mtu atapigwa risasi kwa kudhaniwa mwizi.

Jambo linalonishangaza mpaka leo katika milinganyo ya Richardson ni nafasi ya kinyongo. Tungetarajia chuki ndiyo iamue. Kumbe kinyongo kinapandisha tu kiwango cha silaha. Kinachoamua kama mbio zitatulia au zitalipuka ni uwiano kati ya hofu na mzigo. Mataifa mawili yanayochukiana yanaweza kukaa miaka mingi bila vita kubwa, na mawili yasiyo na ugomvi wa maana yakapelekana shimoni. Husemwa kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja. Kwa hesabu hii wanaweza kukaa, ikitegemea kila mmoja anashtuka kiasi gani mwenzake anapotikisa pembe.

Mashindano ya manowari kati ya Uingereza na Ujerumani yanaonyesha jinsi mshtuko huo unavyotengenezwa. Mwaka 1906 Uingereza iliishusha majini HMS Dreadnought, meli ya kivita iliyozipita zote za wakati huo, na kwa kitendo hicho ikazifanya meli zake yenyewe kuwa za kizamani. Ujerumani, iliyokuwa nyuma sana, ikapata nafasi ya kuanza karibu sawa nayo. Mwaka 1909 Waingereza walidai zijengwe meli 8 za aina hiyo kwa mpigo, na zikajengwa, kwa kuaminishwa kwamba Wajerumani walikuwa wakiongeza kasi kwa siri. Baadaye ilibainika kwamba kasi iliyohofiwa haikuwapo. Meli 8 zilikuwa jibu kwa kitu cha kudhaniwa, lakini Berlin iliziona ni chuma halisi, nayo ikajibu.

Na sisi tulikuwa ndani ya hesabu hiyo kabla hatujajua. Mwaka 1890 Uingereza iliipa Ujerumani kisiwa kidogo cha Heligoland katika Bahari ya Kaskazini, Ujerumani nayo ikakubali Zanzibar iwe chini ya himaya ya Uingereza. Wazanzibari hawakuulizwa. Heligoland ikageuzwa ngome ya jeshi la majini la Kaizari.

Vita vilipoanza, manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Unguja, tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikajificha kwenye delta ya Rufiji hadi ilipozamishwa Julai 1915. Mizinga yake 10 iliopolewa kutoka kwenye tope ikaburutwa bara. Mmoja unaonekana hadi leo Fort Jesus, Mombasa. Walioburuta ni watu wetu. Waingereza peke yao waliandikisha wapagazi takriban milioni moja katika vita vya Afrika Mashariki, na zaidi ya 90,000 walikufa, wengi kwa kuhara, malaria na njaa. Jina la kikosi chao, Carrier Corps, ndilo lililobaki midomoni mwetu kama Kariakoo, Dar es Salaam, na Kariokor, Nairobi. Mtu aliyekufa kwa kuhara njiani chini ya mzigo wa mchele hakuwa na ugomvi wowote na Berlin wala London.

Richardson hakudai kwamba hesabu inataja siku ya vita. Alipokusanya ugomvi wote wenye kuua, kuanzia miaka ya 1820, aligundua kwamba vita huzuka bila mpangilio wa tarehe, kama ajali. Tena alisisitiza kwamba milinganyo yake inaeleza tu watakavyotenda watu wasiposimama kufikiri. Risasi iliyomuua mrithi wa kiti cha Austria-Hungaria mjini Sarajevo tarehe 28 Juni 1914 ilikuwa ajali ya aina hiyo. Kilichoifanya iue mamilioni ni ratiba za treni za majeshi: Urusi ilipoamuru kuitwa kwa askari wote tarehe 30 Julai, Ujerumani iliona kila saa ya kungoja ni hasara, na ndani ya siku 5 mataifa makubwa 5 yalikuwa vitani. Nafasi ya kufikiri ilikuwa imeuzwa mapema, kwa bajeti iliyopitishwa miaka kadhaa kabla.

Kwa hiyo taarifa ya habari ikitangaza kwamba nchi fulani imeongeza fedha za ulinzi, swali la kuuliza ni hili: mwenzake atajibu kwa nusu, au kwa mara moja na nusu? Kuna njia za kupunguza jibu hilo. Mkataba ambao Marekani na Umoja wa Kisovieti zilitia saini mwaka 1987 uliteketeza makombora 2,692, na wakaguzi wa kila upande waliruhusiwa kwenda kushuhudia kwa macho yao yakiharibiwa. Anayeona hana haja ya kudhani. Mkataba huo ulivunjika Agosti 2019. Mwaka 2024 dunia ilitumia takriban dola trilioni 2.7 kwa majeshi, ukiwa mwaka wa 10 mfululizo wa kupanda, na nyongeza ya mwaka huo ilikuwa kubwa kuliko yoyote tangu kumalizika kwa Vita Baridi.